Ukengeushi
nm [u-] Hali ya mtu kuwa mgeni kwa kazi yake mwenyewe, kwa mazao yake na kwa wenzake. Karl Marx aliifafanua katika miswada yake ya 1844, akimzungumzia mfanyakazi asiyemiliki akizalishacho.

Siku hizi istilahi hii hutumika pia kuhusu mitandao ya kijamii: mtumiaji huandika na kupiga picha bila ujira, ilhali kampuni huuza matangazo. Facebook ya Kiswahili, iliyozinduliwa 2009, ilitafsiriwa kwa mchango wa waliojitolea.

Mf. Ukengeushi wa mwandishi huanza aandikapo litakalosambaa, si analoliamini.

Tanbihi: Tofautisha na unyonyaji. Anayenyonywa hupunjwa ujira. Aliyekengeushwa hupoteza kauli juu ya kazi yake, hata akilipwa.