Wingu Dogo la al-Sufi na Uzito Usioonekana

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Makala haya yametokana na swali. Tulikuwa katika darasa la akida tukieleza jinsi wanavyuoni wa zamani walivyotofautisha jauhari na aradhi, yaani kitu chenyewe na sifa zinazokikalia. Mwanafunzi mmoja akanyanyua mkono: "Maalim, nimesikia wanasayansi wanasema sehemu kubwa ya ulimwengu ni maada isiyoonekana. Hiyo si ndiyo majini?"

Darasa likaangua kicheko. Sisi hatukucheka, kwa kuwa miaka michache nyuma tuliyasikia maneno hayo hayo katika mawaidha, yakatupendeza, tukayarudia mbele ya wanafunzi bila kuyachunguza. Kwa hiyo haya ni majibu kwa kijana yule, na pia tunarekebisha tuliyoyasema wenyewe.

Inabidi tuanzie mbali, katika mji wa Isfahan. Abdul-Rahman al-Sufi alizaliwa Rayy mwaka 291 Hijria (903), akafanya kazi ya falaki Isfahan katika zama za mtawala wa Kibuwayhi, Adud al-Dawla. Karibu mwaka 353 Hijria (964) alitunga kitabu chake mashuhuri, Suwar al-Kawakib al-Thabita, yaani picha za nyota zisizohama. Msingi wa kitabu hicho ulikuwa kazi ya Ptolemy, aliyeishi Misri katika karne ya 2. Lakini al-Sufi hakuwa mtu wa kunakili tu. Alizitazama nyota upya kwa macho yake, akakadiria mng'ao wa kila moja, na pale alipoona kuwa bingwa yule wa Kiyunani hakupatia, aliandika hivyo. Kila kundinyota alilichora mara mbili, jinsi linavyoonekana na mtu aliyesimama ardhini na jinsi linavyochorwa juu ya tufe.

Alipofika kwenye kundinyota la Andromeda, ambalo Waarabu waliliita Mwanamke wa Minyororo, alitaja kuwa mbele ya mdomo wa Samaki Mkubwa pana kitu kama wingu dogo. Darubini ilikuwa bado karne 6 na zaidi mbele, na yeye aliliona kwa jicho tupu. Katika maandishi yaliyotufikia, hayo ndiyo ya kale zaidi kulitaja wingu hilo. Angeweza kulitungia kisa. Aliandika alichokiona, akaendelea na nyota zake.

Wingu hilo halikujulikana lilivyo mpaka mwaka 1923. Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mount Wilson huko California, alipata ndani yake nyota ya aina ambayo mng'ao wake hupanda na kushuka kwa mpangilio. Nyota za namna hiyo hutumika kupimia masafa. Hesabu ilionyesha kuwa wingu la al-Sufi liko mbali kabisa nje ya jamii yetu ya nyota. Lenyewe ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Vipimo vya leo vinaliweka umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 2.5. Nuru aliyoiona al-Sufi ilianza safari kabla ya binadamu hawa wa leo kuwepo duniani.

Sasa tuje kwenye uzito. Wanafunzi wa sekondari wanajua kuwa sayari iliyo karibu na jua hukimbia sana, na iliyo mbali hwenda polepole. Utaridi hwenda takriban kilomita 47 kwa sekunde, Dunia yetu 30, na Neptuni kilomita 5 na kidogo. Sababu ni kuwa uzito karibu wote uko katikati, kwenye jua, na mvuto wake hupungua kadiri unavyojitenga nalo. Katika galaksi pia nyota nyingi zimesongamana katikati, kwa hiyo ilitarajiwa kuwa zile za pembezoni zizunguke polepole.

Dalili za kwanza kuwa mambo si hivyo hazikusikilizwa sana. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi California, alichunguza kundi la galaksi liitwalo Coma. Aliona galaksi zake zinakwenda kasi mno, kiasi kwamba uzito wa nyota zinazoonekana usingeweza kuzishikilia pamoja. Zingekuwa zimetawanyika zamani. Akasema lazima pana maada ya giza. Mwaka 1939 Horace Babcock alipima mzunguko wa Andromeda, na sehemu za nje zikaonekana kukimbia kuliko ilivyodhaniwa. Yeye mwenyewe hakudai kuwa pana maada iliyofichika, na jambo likalala kwa miaka 30.

Aliyeliamsha ni mwanamke, Vera Rubin (1928–2016). Hapa tunaomba wazazi wenye mabinti wasome bila haraka. Alipotaka kwenda kusoma falaki Princeton hakupata nafasi, kwa sababu idara ile haikuwa ikipokea wanawake katika masomo ya juu, na haikuwapokea mpaka mwaka 1975. Akasoma kwingine, akapata udaktari mwaka 1954 huku akilea, akazaa watoto 4, na wote 4 wakaja kupata shahada za udaktari. Alikuwa Myahudi, na hakuona ugomvi baina ya dini yake na kazi yake.

Mwenzake, Kent Ford, alikuwa ametengeneza chombo kikali cha kuchambua nuru hafifu. Nuru ya kitu kinachotujia huelekea upande wa buluu, na ya kitu kinachotukimbia huelekea upande wa wekundu. Kwa njia hiyo kasi hupimika. Wawili hao walielekeza chombo chao kwenye lile lile wingu la al-Sufi, wakapima mawingu 67 ya gesi yenye kung'aa, kuanzia ndani kwenda pembezoni, na mwaka 1970 wakatoa matokeo. Kasi haikushuka kama ilivyotarajiwa. Mbali na kitovu, pale ambapo nyota zimekuwa haba, gesi ilikuwa bado inazunguka kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde. Miaka iliyofuata walipima galaksi nyingine nyingi, na wengine wakapima kwa darubini za redio, na habari ikawa ile ile. Kuna uzito mwingi ambao hautoi nuru wala hauizuii.

Mtu wa pwani hapati taabu kulielewa hilo. Ukiwa ufukweni ukaona jahazi kwa mbali, upepo huuoni, lakini tanga limejaa na chombo kinakwenda, nawe unajua upepo upo na unaweza hata kukisia nguvu zake. Wanafalaki wameliona tanga. Kwa hesabu zao za sasa, maada tunayoijua, ya nyota, bahari, miili yetu na vyote, ni takriban asilimia 5 tu ya ulimwengu. Maada ya giza ni kama asilimia 27, na iliyobaki huitwa nishati ya giza, ambayo ni mlango mwingine kabisa.

Lakini tanga si upepo, na hapa ndipo historia inapotufunza adabu. Katika karne ya 19 sayari ya Uranus ilionekana ikipotoka njia yake kidogo. Mfaransa Le Verrier akapiga hesabu kuwa pana sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta, na mwaka 1846 wakaitafuta mjini Berlin, wakaikuta karibu kabisa na alipoelekeza. Hiyo ndiyo Neptuni. Kisha Utaridi nayo ikaonekana na upotofu wake. Mwaka 1859 Le Verrier huyo huyo akasema basi pana sayari nyingine karibu na jua, na ikapewa jina la Vulcan. Wapo waliodai wameiona. Haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kuwa kasoro ilikuwa katika kanuni yenyewe ya uvutano. Hesabu zilikuwa sahihi mara zote mbili. Mara moja kilikuwepo kitu, mara ya pili hakikuwepo.

Je, maada ya giza ni Neptuni au ni Vulcan? Wengi wanaona ni Neptuni. Wanataja kwa mfano makundi mawili ya galaksi yaliyogongana, yaliyoelezwa mwaka 2006, ambapo gesi ilibaki nyuma lakini uzito mkubwa ukapita ng'ambo, kama vile kitu kisichogusika. Lakini tangu mwaka 1983, alipoandika Mordehai Milgrom, wapo wachache wanaosema kanuni ya uvutano ndiyo inayohitaji kurekebishwa.

Na upepo wenyewe bado haujashikwa. Marekani, katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, wameweka pipa la tani 10 za gesi ya zenoni iliyogandishwa ikawa maji, takriban kilomita 1.5 chini ya ardhi, ili miale ya angani isiwasumbue, wakingojea chembe moja ya maada ya giza igonge. Waitaliano wana chombo kama hicho chini ya mlima Gran Sasso, na Wachina katika mlima wa Jinping. Matokeo ya Marekani yaliyotoka 2022 na 2024 hayakuonyesha kitu. Kikundi kimoja cha Italia kimekuwa kikidai tangu miaka ya 1990 kuwa kinaona ishara, lakini waliotumia fuwele za aina ile ile Hispania na Korea hawakuithibitisha.

Sasa kijana wetu. Majini tumefundishwa kuwa wameumbwa kwa moto, wana akili, wamekalifishwa ibada, wapo wema na waovu. Maada ya giza, kwa yote yaliyopimwa, ina uzito na inavuta, basi. Hakuna chochote kinachoonyesha kuwa inasikia au inaasi. Pia ghaibu ya imani si kila kisichoonekana kwa jicho. Vijidudu havikuonekana zamani, leo tunavitazama kwa hadubini. Ghaibu tumeijua kwa kuelezwa na Mola wetu (s.w.), hatukuijua kwa kuipima.

Kilichotutia hofu zaidi ni hiki. Mtoto akiambiwa chuoni kuwa maada ya giza ndiyo majini, au kuwa ndiyo maana ya aya fulani, kisha akiwa chuo kikuu asikie ilikuwa Vulcan, atafanyaje na ile aya? Neno dharra limo katika Qur'ani, na wafasiri wa kale walilieleza kwa sisimizi mdogo au chembe ya vumbi. Waarabu wa leo huita atomi kwa jina hilo, lakini jina limekuja baadaye, na atomi yenyewe ikapasuliwa. Juu ya umbile la vitu wanavyuoni wetu walikhitalifiana waziwazi. Maashaira walisema kila mwili una kipande cha mwisho kisichogawanyika, na Ibn Hazm wa Andalusia (994–1064) akawapinga, na vitabu vya pande zote mbili tunavyo mpaka leo.

Mwezi wa Novemba tuliwapeleka wanafunzi wakubwa, baada ya Isha, mahali pasipo na taa za umeme. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, kundinyota lile huwa upande wa kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini, kiasi cha saa 3 usiku. Mwezi usiwepo, na macho yapewe muda yazoee giza. Ni doa hafifu, na ukilikazia macho linapotea. Litazame kwa pembeni. Aliyeliona wa kwanza ni yule aliyeuliza swali.

Wallahu aalam.