Roketi Iliyodondoka Katika Hotuba ya Mwenge

Wenzangu niliosoma nao shule ya msingi pale Kiboriloni bado wanaweza kuukariri mwenge wa Mwalimu bila kukosea: mlima, matumaini, upendo, heshima. Tuliukariri mstarini asubuhi, Kibo ikichungulia nyuma ya paa la darasa. Lakini waulize kuhusu roketi, watakutazama kama umerukwa na akili. Roketi gani tena?

Roketi imo. Tarehe 22 Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alipokwisha kuutaja mwanga wa Kilimanjaro aliendelea kusema kwamba sisi hatuwezi, kama nchi nyingine, kupeleka roketi mwezini, ila twaweza kupeleka roketi za upendo na matumaini kwa binadamu wenzetu popote walipo. Hayakuwa mapambo tu. Wiki tano na ushee kabla ya siku ile, chombo cha Warusi, Luna 2, kilikuwa kimeugonga mwezi, cha kwanza kufanya hivyo. Tarehe 4 Oktoba wakarusha Luna 3 kwenda kupiga picha upande wa mwezi tusiouona. Aliyekuwa akisoma magazeti alijua Mwalimu anamjibu nani.

Sasa hapa ndipo sisi wahakiki tumelala. Hotuba ilitolewa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza kitu kilichotamaniwa kuwashwa mlimani ni mshumaa. Mwenge umekuja na Kiswahili, na pamoja nao njeo imebadilika: lililokuwa tamanio limekuwa jambo lililokwisha kutendeka. Mshumaa juu ya Kibo, mita 5,895, kwa upepo ule? Mwenge unafaa zaidi, sibishi. Ila mshumaa ulikuwa umewekwa makusudi jirani na roketi. Vyote viwili ni moto, mmoja wa maskini na mwingine wa mataifa makubwa, na utamu wa sitiari uko katika kuvipambanisha. Ukiukuza mshumaa ukawa mwenge, kisha ukaikata roketi, kejeli yote imekwenda. Kinachobaki kinaanza kunukia majigambo, na ndicho tulichokaririshwa.

Mwaka 1961 sitiari ilipanda mlima kwa miguu. Mwezi wa Aprili Gagarin aliizunguka dunia. Usiku wa kuamkia 9 Desemba, Luteni Alexander Nyirenda akafikisha bendera na mwenge kileleni. Babu yangu wa Old Moshi anasimulia kwamba alikaa nje ya nyumba usiku ule akingoja kuuona. Hakuona kitu, mlima ulikuwa umejifunika. “Lakini nilijua uko,” husema, halafu hubadilisha mazungumzo.

Neno lenyewe roketi halikuwa salama siku zile. Huko Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, ni kimojawapo cha vituo vilivyomsikiliza. Wazanzibari wengi walikipinga wakihofu kwamba ni mambo ya silaha, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Eti ushamba? Hata kidogo. Roketi za aina ileile iliyombeba Glenn zilitengenezwa kwanza kubeba mabomu ya nyuklia. Mwalimu alilichukua jina la chombo hicho akakipakia upendo. Huo ni ujasiri wa lugha ambao hatujaujadili vya kutosha.

Mwaka huohuo wa 1964 mwalimu mwingine, Edward Makuka Nkoloso wa Zambia, alikataa kabisa ile “hatuwezi”. Alianzisha chuo chake cha anga, akamteua binti Matha Mwamba kuwa mwanaanga, na mazoezi yakawa kuwaviringisha vijana mteremkoni ndani ya pipa la mafuta. Dunia ilicheka, nami nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Namwali Serpell hakuishia kucheka. Katika riwaya yake ya mwaka 2019, The Old Drift, amewapa nafasi watu hao. Sisi wenye mlima na hotuba, riwaya yetu ya roketi iko wapi?

Ombi langu kwa walimu wa semina ni dogo: muhula ujao hotuba ile isomwe nzima, Kiingereza kando ya Kiswahili, na sentensi ya roketi mahali pake. Wale wasemao hotuba si fasihi nawangoja toleo lijalo.