Karafuu kwa Pishi, Ushirikiano kwa Nini?



Hapa Pemba mchumaji karafuu hupimiwa kwa pishi, na jioni kila mtu ajua amechuma ngapi. Je, ushirikiano wa wanakijiji nao wapimika? Si swali la mchezo hili. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 iliruhusu wanakijiji kukabidhiwa msitu wautunze wenyewe kwa mapatano. Wasioaminiana watautunzaje?

Mwaka 1995 uchunguzi ulifanywa katika vijiji vya Tanzania Bara. Watu waliulizwa: umo katika vikundi vingapi? Vikundi hivyo vikoje? Na unawaamini watu gani? Wataalamu Deepa Narayan na Lant Pritchett walipoyachambua majibu, waliona kwamba kijiji chenye vikundi hai huinua hata pato la mtu asiyekuwa mwanachama.

Lakini kuhesabu vikundi hakutoshi. Tutazame Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, ambako wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago. Wazee husimulia kwamba Mtume Hadhara alifika pale akaomba msala wa kusalia. Ulipokosekana, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake, na jina likatoka hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kukikodisha kisiwa kwa ajili ya hoteli ya watalii. Wavuvi wangepoteza dago lao. Mpango ule ukaachwa, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi. Wavuvi nao wakawa na jumuiya, MICA. Sehemu ndogo ya miamba upande wa magharibi ikafungwa isivuliwe, na kwengineko uvuvi ukaendelea. Mafundisho ya dini nayo yakatumika kuhimiza utunzaji wa bahari. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba.

Tunajifunza nini? Misali haina kijiji kimoja chenye kuimiliki. Mtu aweza kuwa wa kwanza kwenye maziko na harusi za kwao, kumbe hamwamini mvuvi wa kijiji cha pili aliyelala naye dago moja. Basi kipo kipimo cha ndani ya kijiji, na kipo cha kijiji na kijiji. Bahari na msitu vyataka vyote viwili.

Kwa hiyo, kabla ya kugawana kazi katika mkutano wa shehia, ulizaneni. Nani hufika, na nani hajapata kualikwa? Wanawake wanaookota chaza na kukata kuni wasikilizwa? Fedha za kikundi husomwa mbele ya watu? Na akikamatwa mtoto wa mkubwa na nyavu haramu, hutozwa sawa na mtoto wa maskini?

Swali hilo la mwisho ndilo pishi yenyewe. Likijibiwa kwa kigugumizi, msiweke saini bado. Tengenezeni kwanza kuaminiana, mapatano yatafuata.

Kwaherini.