Roketi za Luvua na Elimu ya Juu: Historia Fupi ya Teknolojia Isiyoota Mizizi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali moja la historia: kwa nini teknolojia ya hali ya juu iliyowahi kufika Kongo, hata katika sehemu zetu za magharibi ya ziwa Tanganyika, haikuota mizizi? Jibu la kawaida ni umaskini na vita. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Tunalinganisha hapa matukio mawili ya karne ya 20 ili kuonyesha kwamba jambo lililoamua matokeo ni mlango ambao teknolojia iliingilia. Iliyoingia kwa mlango wa chuo iliacha wataalamu. Iliyoingia kwa mlango wa mkataba wa ardhi iliondoka na wenyewe.

1. Kinu cha Lovanium

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka wa 1954 huko Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mkuu wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padre na pia mwanafizikia. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imetumiwa na Marekani katika kutengeneza mabomu ya 1945, naye Gillon aliona kuwa nchi iliyotoa madini hayo ilistahili kupata walau elimu yake. Mwaka wa 1959 kinu cha nyuklia kilichoitwa TRICO kiliwashwa chuoni hapo. Kilikuwa kidogo, chenye nguvu ya kilowati 50, lakini kilikuwa cha kwanza barani Afrika.

Kinaya chake kinajulikana. Mwaka uliofuata nchi ilipata uhuru ikiwa na Wakongo wenye shahada za chuo kikuu wasiofika thelathini. Hata hivyo, kwa kuwa kinu kilikaa karibu na madarasa, kilipata warithi. Mhandisi Mkongo, Félix Malu wa Kalenga, alikiongoza kituo hicho kwa miaka mingi, na mwaka wa 1972 kinu cha pili, chenye nguvu ya megawati 1, kilianza kazi. Hicho nacho kilisimamishwa mwaka wa 2004. Mitambo imezeeka, lakini kituo cha utafiti kimebaki, na watu waliosomea hapo wamebaki.

2. Roketi za Luvua

Tukio la pili lilitokea karibu nasi. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Ujerumani ya Magharibi iitwayo OTRAG, iliyoasisiwa na mhandisi Lutz Kayser, ilipatana na serikali ya Mobutu ipewe eneo la kilometa za mraba zipatazo 100,000 katika Shaba, hadi mwaka wa 2000. Kituo cha kurushia roketi kilijengwa kwenye uwanda wa juu unaotazama bonde la Luvua, mto utokao ziwa Mweru, ukapita Kiambi na kuungana na Lualaba huko Ankoro. Mwenyekiti wa bodi ya kampuni alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kuongoza kituo cha Marekani cha kurushia roketi huko Florida.

Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, wakati vita vya kwanza vya Shaba vikielekea mwisho. Ya pili ilirushwa tarehe 20 Mei 1978, siku moja baada ya askari wa miamvuli wa Ufaransa kushuka Kolwezi. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Umoja wa Kisovyeti ulidai kwamba hapo palikuwa pakijaribiwa silaha, na nchi jirani zikaingiwa na hofu. Mwaka wa 1979 serikali ilivunja mkataba, na kampuni ikahamia Libya.

Jambo linalostahili kutafakariwa na mwanahistoria wa elimu ni hili: ufundi wa OTRAG haukuwa wa kutisha. Nia ya Kayser ilikuwa kupunguza gharama kwa kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana. Vali za mafuta zilifunguliwa na mota ndogo za aina iendeshayo vipanguzi vya vioo vya magari. Ufundi wa namna hiyo mwanafunzi wa shule ya ufundi angeweza kuufungua, kuuchunguza na kuufunga tena. Lakini mkataba ulijishughulisha na ardhi, malipo na kinga ya wageni.

3. Chuo kimoja, lugha nyingi

Tusidhani kwamba nchi haikuwa na sera ya elimu ya juu wakati huo. Mwaka wa 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA), kilichodumu hadi 1981. Mwaka wa 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi katika semina yao ya kwanza, wakapendekeza lugha za taifa zitumike katika elimu. Sera ya roketi na sera ya vyuo zilitoka katika serikali moja na muongo mmoja, lakini kila moja ilikwenda njia yake.

Suala la lugha si pambo. Fundi hujifunza kwa kutaja vitu. Huko Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka wa 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kwetu mtoto huanza kusoma kwa Kiswahili, kisha hukutana na sayansi kwa Kifaransa tu. Ujuzi wake wa nyumbani hukatika hapo.

Hitimisho

Leo mlango unabishwa tena. Manono, iliyochimbwa bati tangu enzi ya ukoloni, ina mojawapo ya akiba kubwa za lithiamu duniani. Mwaka wa 2022 Kongo na Zambia zilikubaliana kushirikiana katika utengenezaji wa betri, na kituo cha utafiti wa betri kikazinduliwa Lubumbashi. Tangu 2015 Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika, na ina chuo kikuu chake.

Historia tuliyoisimulia inatuelekeza cha kudai. Kila mkataba wa madini ya jimbo hili utaje maabara, nafasi za wanafunzi na idadi ya wahandisi watakaofunzwa, kwa uwazi uleule unaotaja hekta na kodi. Nasi walimu wa lugha tuandae istilahi mapema, kabla mitambo haijafika. Mwenye mgodi anaweza kuhama, kama walivyohama wenye roketi. Aliyekwisha kusoma hubaki na elimu yake.