Kicheko Kilichongojea Posta

Zamani mtu wa pwani aliyejaliwa kipawa cha kuchekesha hakujua kungojea jibu. Jibu lake lilikuwa mbele ya macho yake. Katika ngoma ya mwanzele ya Wagiriama, mwimbishaji alitupa neno la mzaha, na kabla hajavuta pumzi ya pili alikwisha jua kama limekubalika au limeanguka. Likianguka alilibadili, likikubalika alilirudia mpaka mbavu za watu zikauma. Mijini mambo yalikuwa vivyo hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga mashairi ya kejeli na ya kujibizana, nayo yakaenda kwa midomo ya watu. Hakuyapeleka kwa mtu yeyote ayapime. Mashairi yale yalikusanywa baadaye na mmisionari W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na William Hichens akayatoa katika diwani mwaka 1940. Wakati huo mtungaji alikuwa amelala kaburini yapata miaka mia.

Karne ya ishirini ilileta kalamu, karatasi na redio, na hakimu wa kicheko akahama pwani. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe uliamua kwamba Kiswahili cha vitabu na shule kijengwe juu ya Kiunguja, wala si juu ya Kimvita cha wenyeji wa mkutano. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, ambayo ilisoma miswada na kutoa kibali kwa ile iliyoandikwa katika lugha iliyosanifiwa. Mwaka 1948 ikafunguliwa Nairobi ofisi ya vitabu ya Afrika ya Mashariki. Redio nayo ilianza Kenya mwaka 1928, ingawa kwa miaka mingi ilisema zaidi na walowezi kwa lugha yao. Kwa muda katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita, na hakimu akasogea karibu kidogo. Lakini utangazaji ulipotiwa chini ya Sauti ya Kenya, iliyokuwa mali ya serikali, mwaka 1964, neno la mwisho lilikuwa la Nairobi.

Tuifuate basi bahasha moja katika siku hizo. Mwandishi wa Malindi aliandika mchezo wake kwa mkono, au akamwomba karani amwandikie kwa taipu, akaupeleka posta. Toka Malindi hadi Mombasa ni mwendo wa kilomita 120 hivi, na katikati yake pana hori la Kilifi, ambalo halikuwa na daraja kubwa la leo hadi mwaka 1991. Gari lilishuka ukingoni likangoja kivuko. Bahasha nayo ikangoja pamoja na kuku na magunia ya nazi. Baada ya Mombasa ilibakia safari ya Nairobi, karibu kilomita 500. Yote hayo ni siku chache tu. Mahali ambapo bahasha ilikaa miezi ni mezani.

Tusimhukumu mtayarishaji wa vipindi bila kumsikiliza. Mtu mmoja alikuwa na rundo la karatasi, saa chache za hewani, na fedha kidogo za kuwalipa waigizaji. Kusoma mchezo mbaya na kumwandikia mwenyewe kwa adabu kuwa ni mbaya ni kazi ya nusu siku. Kunyamaza hakuna gharama. Hata hivyo, kwa mwenye kungoja, ukimya huo una adhabu yake. Aliyekataliwa hujua la kufanya. Asiyejibiwa hajui kama mswada ulipotea njiani, au ulisomwa ukachukiza, au haujafunguliwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na mtu wa Malindi hakuwapo.

Mwandishi wa mambo mazito alikuwa na nafuu. Ronald Ngala, mwalimu aliyezaliwa katika nchi ya Wagiriama na aliyekuja kuwa waziri, alichapishiwa kitabu chake Nchi na Desturi za Wagiriama mwaka 1949. Desturi huweza kuandikwa kwa Kiswahili sanifu bila kupoteza kitu kikubwa. Mzaha hauwezi. Watu wa Mombasa husema "ndoo" pale ambapo Kiunguja husema "njoo", kama wasemavyo "ndaa" kwa njaa, na kama jina la barabara ya Ndia Kuu lishuhudiavyo mpaka leo. Chukua mchezo wa bwana wa Mvita aliyeoa mbali: anamwita mkewe, "Ndoo!" naye mke anamletea ndoo ya maji, anaita tena, inakuja ya pili, hata nyumba inajaa ndoo na bwana amekauka koo. Mhariri mwenye kalamu nyekundu akisahihisha neno moja tu, mke atakuja alipoitwa, na mchezo umekwisha.

Si ajabu basi kwamba vichekesho vilivyopendwa nchi nzima, kama Vitimbi katika televisheni, vilichota kicheko mahali pengine. Mzee Ojwang, aliyeigizwa na Benson Wanjau hadi karibu na kufa kwake mwaka 2015, alichekesha kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ilhali mwigizaji mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Mimi naisifu kazi ile. Lakini ilikuwa lafudhi ambayo masikio ya Nairobi yaliijua.

Wenye subira kubwa hawakukosekana. Upande wa pili wa mpaka, Shaaban Robert wa Tanga aliandika Kufikirika, hadithi yenye kejeli juu ya mfalme na waganga wake, mnamo mwaka 1946. Kilitoka kitabu mwaka 1967, naye amekwisha fariki tangu mwaka 1962. Katama Mkangi wa Ribe, mwenye kalamu kali ya dhihaka, alitoa Mafuta mwaka 1984, akatiwa kizuizini mwaka 1986, na Walenisi haikutoka hadi mwaka 1995. Huyo serikali ilimjibu upesi kuliko mhariri yeyote.

Siku hizi kijana wa Watamu au Mariakani hurekodi kichekesho kwa simu jioni, na kabla ya kulala amekwisha jua kama watu wamecheka, kwa lahaja yake mwenyewe, sawa na mwimbishaji wa mwanzele. Anayetaka mchezo wake uigizwe katika televisheni ya taifa na alipwe ujira bado huandika Nairobi, na bado hungoja.