Usingizi wa prosesa na mtandao wa Serengeti

Katikati ya miaka ya 2000, mradi wa ICT4RD ulijenga mtandao wa mawasiliano katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoani Mara. Ulishirikisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Sweden, na ulitumia mkongo wa shirika la umeme, TANESCO. Kwa kuwa umeme haukuwa wa uhakika, watafiti wake walizipa uzito ruta za Linux zinazotumia umeme kidogo, zinazoweza kuendeshwa kwa betri na jua.

Katika mashine kama hizo, prosesa huokoa umeme inapokosa kazi kwa kuingia katika ngazi za usingizi. Kanuni za ACPI za kusimamia umeme wa kompyuta, zilizotolewa mwaka 1996, ziliziita C1, C2 na C3. Mwaka 2008 toleo la Linux 2.6.24 lilileta cpuidle, sehemu ya kiini cha mfumo huo (kernel) inayochagua ngazi ifaayo.

Kadiri usingizi unavyokuwa mzito, ndivyo hatari inavyoongezeka. Saa ya ndani ikisimama au ishara ya kuamsha ikipotea, mashine huganda bila kuacha kumbukumbu yoyote. Mwaka 2015 watumiaji wa Linux waliripoti hali hiyo kwenye prosesa za Intel Bay Trail.

Uchunguzi huanza kwa kuzuia ngazi za usingizi mzito kwa agizo intel_idle.max_cstate=1 wakati wa kuwasha. Mashine ikitulia, ngazi hurudishwa moja moja hadi yenye kasoro ijulikane. Gharama yake ni umeme zaidi, mzigo mzito kwa kituo cha mtandao kinachotegemea betri.