Kabla Kadi Zote Zianguke: Vile Unapima Mkono Wako Kwenye Poka

Kwanza tuelewane: hatuongelei ile poka ya mtaa ya kusema "niko kadi". Hii ni Texas Hold'em, ile ya Las Vegas na ya kwa simu. Unapewa kadi 2 zako za siri, halafu 5 zinawekwa wazi mezani: 3 kwa mpigo, hizo ndio flopu, kisha ya nne, kisha ya tano. Mwenye mkono mkali zaidi wa kadi 5 kati ya hizo 7 anabeba mzigo. Noma ni kwamba unadaiwa ganji kabla hujaziona zote.

Kuna njia 1,326 za kupewa kadi 2 za kuanza. Kali kabisa ni Esi mbili, na zinakuja mara 1 kwa kila 221, so usikae ukizingoja. Zikipatana na Kingi mbili, zinashinda kama mara 82 kwa 100. Hapo ndio wasee huanza kuhesabu pesa mapema. Lakini hiyo ni mkiwa wawili. Mkiwa 9 na kila mtu ameingia na chochote, Esi zako zinashinda kama mara 35 tu kwa 100. Ndio maana mwenye jozi kubwa huongeza dau mapema: anataka umati upungue.

Esi na Kingi nazo zinakaa tamu, lakini hiyo si jozi bado. Ikikutana na Kwini mbili, inashinda kama mara 43 kwa 100. Zikiwa zote maua unaongezewa kama 3 hivi. Ni kitu, lakini si sababu ya kulipa kila dau.

Sasa flopu imeanguka. Uko na maua 2, mezani kuna maua mengine 2. Ukipata la tano uko na flashi. Maua yako 13, umeona 4, zimebaki 9 za kukuokoa. Hesabu ya haraka: kama utaona kadi mbili zaidi, zidisha kwa 4, upate 36. Jibu kamili ni 35, kwa hivyo uko karibu. Kama ni kadi moja tu, zidisha kwa 2: 18, na ukweli ni 19.

Cheki hapa vizuri, juu hapa ndio wasee wengi huchomeka. Tuseme mezani kuna soo tano, jamaa anaongeza soo tano. Unalipa soo tano kupigania ngiri moja na soo tano. Ili usiangukie hasara, lazima ushinde angalau mara 33 kwa 100. Kama jamaa ameweka doh yake yote, utaona kadi zote mbili kwa bei hiyo moja. Una 35, lipa. Lakini kama bado ana pesa mbele yake, kadi ya nne ikikunyima atakutoza tena. Hapo umenunua 19, si 35. Kwa wastani unarudishiwa kama 285 kwa kila 500 unayotoa, isipokuwa una uhakika atakulipa vizuri ukishapata flashi. Mkono ni ule ule, bei ni ile ile, jibu ni tofauti.

Streti inahesabiwa hivyo hivyo. Ukiwa na 6, 7, 8 na 9, 5 au 10 inakumaliza: kadi 8. Ukingoja namba moja ya katikati ni kadi 4 tu, na mara nyingi hiyo ni ya kutupa.

Na usihesabu kila kadi kama yako. Ua likileta namba ambayo tayari iko mezani, wewe unapata flashi lakini mwenzako anaweza kupata fulu hausi, na hiyo inakupiga. Halafu kama maua yako ni 5 na 6, kuna msee anaweza kuwa ameshikilia Esi ya maua na moja dogo, amenyamaza tu akingoja hilo hilo ua lako.